Kidumu cha Nyanya Dorothy

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Maurine alipiga magoti sakafuni akamvalisha nyanya yake viatu. Magoti ya Nyanya Dorothy yalikuwa yamekaza kwa miaka mingi ya kuinama mpungani, na hakuweza tena kuifikia miguu yake mwenyewe. Viatu vilikuwa vya plastiki, vya samawati, vyenye mkanda wa kufunga upande mmoja. Maurine alivipangusa tope, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, na kila siku nyanya alikuwa na la kusema.

"Wanivalisha viatu au wafunga mbuzi?"

"Tulia basi, nyanya. Nitachelewa."

"Mwenye haraka angeamka mapema. Kaza huo mkanda, usione huruma."

Ndivyo alivyokuwa Nyanya Dorothy. Mdomo wake ulikuwa mkali, na sauti yake katika kwaya ya kanisa pale Idsowe ilizifunika sauti za vijana wote. Maurine alikuwa gredi ya sita. Aliishi na nyanya kwa sababu wazazi wake walifanya kazi Malindi na kurudi nyumbani mara chache. Wawili hao walizozana kutwa nzima na kupendana vilevile.

Baada ya viatu, nyanya alishika njia ya mtoni. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya Tana, na aliyewavusha watu wa upande ule kwa mtumbwi ni Caleb, mume wa Shangazi Lydia. Yaani Caleb alikuwa mkwe wake. Katika jamaa hiyo, heshima ya mkwe na mama mkwe haikuchezewa hata kidogo. Nyanya alikaa mbele ya mtumbwi, leso kichwani, mgongo kwa Caleb, na hakumsemesha moja kwa moja. Akiwa na neno, lilipitia kwa mtu mwingine hata kama maji yalikuwa yanaingia mtumbwini.

"Maurine, mwambie mkwe wangu tunaloa," alisema Jumamosi moja walipovuka pamoja, na Caleb alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, kafi mkononi, amesikia kila kitu.

"Mjomba, nyanya anasema tunaloa."

"Mwambie mama nimeona," Caleb alijibu kwa adabu, akaanza kukumba maji. Maurine alicheka mpaka akakaripiwa na pande zote mbili.

Basi ikawa siku moja wageni wakafika katika ukumbi wa kanisa na meza, mizani na vipimo vya presha. Walikuwa wanafanya utafiti. Aliyezungumza na watu alikuwa muuguzi aliyeitwa Nuriya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole aliyekulia upande wa Ndera, hivyo maisha ya mtoni hakuhitaji kuelezwa. Watu walimwita Sista Nuriya.

"Moyo ni pampu," alisema, "kama ile pampu mnayovutia maji ya shamba. Mishipa ya damu ni mabomba yake. Na figo ni machujio, yanasafisha damu na kutoa uchafu kwa mkojo. Sasa, pampu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, chujio linaanza kuchanika. Chujio likichanika, mwili unajaa maji na chumvi, na presha inapanda zaidi. Maradhi haya yanaitana. Mtu anakuja kwa presha, kumbe figo imeshaguswa. Mwingine anakuja kwa sukari, kumbe moyo nao umechoka."

"Na figo ikiguswa mtu husikia maumivu wapi?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapo ndipo penye shida, baba. Mwanzoni haiumi popote. Ndiyo maana tunapima. Tunataka kujua hapa kwetu, ambako tunakula sana samaki wa chumvi, ni watu wangapi wenye presha ambao figo zao zimeanza kuharibika nao hawana habari. Tukijua, tutajua pia tuwatibu vipi na mapema kiasi gani."

Nyanya Dorothy alipopimwa, presha yake ilikuwa juu mno. Sista Nuriya alipima mara ya pili, kisha ya tatu, akaacha kutabasamu. Alimpa vidonge vya kutumia kila siku. Halafu akamkabidhi kidumu cheupe chenye mfuniko mwekundu.

"Mama, hiki ni cha mkojo. Asubuhi ukiamka, mkojo wa kwanza umwage. Kuanzia hapo kila tone liingie humu, mchana na usiku, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Ukienda kanisani, kinakwenda kanisani. Ukienda shamba, kinakwenda shamba. Kushiriki ni hiari. Anayeona vigumu aniambie sasa, hakuna atakayemlaumu."

Kina mama wa kwaya walikuwa wamekaa kwenye benchi la nyuma wakiangalia. Nyanya Dorothy akakipokea kidumu kwa mikono miwili, kichwa juu.

"Vigumu nini? Nimezaa watoto sita, nitashindwa na kidumu?"

Watu wakacheka. Maurine naye akacheka, akajiona mwenye bahati kuwa na nyanya jasiri namna hiyo.

Ujasiri huo uliishia mlangoni mwa nyumba yao. Jumamosi asubuhi, Maurine alipokuwa akifunga mkanda wa kiatu, nyanya alikisogeza kidumu kwa ncha ya mguu mpaka kikamgusa mjukuu wake gotini.

"Hiki utakijaza wewe."

"Mimi? Lakini sista alisema..."

"Sista hapandi mtumbwi wa Caleb. Wataka nikae mbele ya mkwe wangu nimepakata mkojo? Mtumbwi ukiyumba, mfuniko ukifunguka, nitauweka wapi uso wangu?"

"Basi baki nyumbani leo, nyanya. Siku moja tu."

"Na ndege wataamiwa na nani? Mpunga umeanza kutoa punje. Nikikosa siku moja, ndege watakula mpaka bua." Alijiinua kwa kushikilia mlango. "Wewe ni mjukuu wangu. Damu moja, mkojo mmoja. Jaza, funika, nyamaza. Hili liwe kati yangu na wewe."

Maurine alijua kwamba maneno hayo hayakuwa na sayansi yoyote ndani yake. Darasani walikuwa wamesoma kwamba kila mwili una hesabu zake. Lakini alilelewa kumtii mkubwa, na nyanya hakuwa mtu wa kubishiwa mara mbili, basi akaahidi. Kutwa nzima alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kila alipokwenda chooni alikibeba kidumu chini ya khanga huku akiona aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Jumapili baada ya ibada, Sista Nuriya alikuja kukichukua. Alikitikisa, akamimina kidogo kwenye kikombe, akachovya kijikaratasi chembamba chenye vipande vya rangi. Alikiinua kwenye mwanga. Maurine alisimama nyuma ya mlango.

"Mama Dorothy, hongera! Hakuna protini hata chembe, ile inayovuja chujio likichanika. Kwa presha yako ile nilikuwa na wasiwasi, lakini hapa figo zako ni kama za msichana mdogo."

Nyanya Dorothy akacheka, cheko refu la kwaya. Maurine hakuona cha kuchekesha. Alitazama vidole vyake vya miguu mpaka mgeni akaondoka.

Habari hiyo ilitembea kijiji kizima, na aliyeitembeza ni nyanya mwenyewe. Figo za msichana! Alisema kisimani, akasema kwenye mazoezi ya kwaya. Na kadiri alivyoisema ndivyo alivyoiamini, jambo ambalo Maurine hakuweza kulielewa kabisa. Baada ya muda si mrefu, nyanya aliviacha vidonge vya presha kwa sababu vilimfanya akojoe mara kwa mara, na shambani hapakuwa na choo cha maana. Badala yake aliendelea kununua dukani vidonge vya maumivu ya magoti, akivimeza asubuhi na jioni. Samaki wa chumvi naye hakukosa sahanini.

"Nyanya, sista alisema vidonge vya presha usiviache."

"Viache vimtibu mgonjwa. Mimi nina figo za msichana."

"Lakini nyanya, huyo msichana ni mimi!"

"Punguza sauti," nyanya alisema. Hakucheka.

Kiatu ndicho kilichosema kwanza. Asubuhi moja Maurine alivuta mkanda ukafika tundu la mwisho kwa shida. Baada ya wiki kadhaa haukufika kabisa. Alibonyeza mguu wa nyanya kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale bila kujaa. Uso wa nyanya nao ulikuwa umeumuka, macho yamekuwa madogo. Akipanda ukingo wa mto alisimama njiani kutafuta pumzi, akijifanya anaangalia mpunga wa watu. Kwenye kwaya alikuwa akifungua mdomo tu wimbo ukifika juu.

Shuleni, wakati wa mapumziko, Maurine alikaa na rafiki yake Shukri. Babu yake Shukri, mfugaji wa Kiorma, naye alikuwa amepewa kidumu na watafiti walewale.

"Babu alikwenda nacho malishoni," Shukri alisimulia akicheka. "Alikifunga kwenye punda. Punda akakimbia, babu akamkimbiza, watu wote wakajua ni cha nini! Mpaka leo wanamtania."

"Na majibu yake?" Maurine aliuliza.

Shukri aliacha kucheka. "Walikuta figo zimeanza kuharibika. Wakampeleka hospitali, wakambadilishia dawa, wakamkataza vidonge vya maumivu kwa sababu huumiza figo. Daktari alisema amewahi. Sasa anatembea vizuri. Mbona umenyamaza?"

"Hakuna kitu."

Haikuwa kweli. Maurine aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Babu wa Shukri alichekwa na kijiji kizima, akapona. Nyanya yake hakuchekwa na mtu, na alikuwa anavimba.

Jioni hiyo alimkuta nyanya ameegemea ukuta, miguu juu ya kigoda. Akakaa karibu yake.

"Nyanya, twende tukamwambie sista ukweli. Atakupima upya. Sitamwambia mtu mwingine."

"Ukishamwambia sista, ataandika. Akiandika, watajua wenzake. Wakijua wenzake, Lydia atajua, na Caleb atajua kwamba nilimdanganya sista kwa sababu yake yeye. Utakuwa umenivua nguo mbele ya mkwe wangu, Maurine. Wataka hivyo?"

"Sitaki ufe."

Nyanya Dorothy aliunyoosha mkono wake uliovimba, akamshika mjukuu wake shavuni. "Hakuna anayekufa. Ni joto tu. Uliniahidi, au hukuniahidi?"

Maurine alikubali kwa kichwa. Kisha akatoka nje, akalia nyuma ya jiko asionekane.

Likizo ilipofika, Maurine aliandamana na nyanya kwenda kuamia ndege. Nyanya alivaa ndara za Lydia, kwa maana viatu vya samawati havikuingia tena. Shambani hakufanya kazi yoyote. Alikaa kibandani akihema, huku Maurine akipiga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mchana walipovuka kurudi, nyanya alishuka mtumbwini, akapiga hatua chache kwenye ukingo, akasimama. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alitaka kusema neno, likakwama, akaanguka kwa magoti topeni.

"Nyanya!"

Caleb alilitupa kafi. Hakumwambia mtu amwambie mtu. Aliruka majini, akamwinua mama mkwe wake mikononi, leso ikaanguka, kisha akapanda naye mbio ukingo wote huku akimwita Lydia. Dakika chache baadaye walikuwa ndani ya tuktuk kuelekea Garsen, nyanya katikati, Lydia upande mmoja na Maurine upande wa pili, na Caleb amejibanza mbele na dereva. Lydia alikuwa amempigia simu Sista Nuriya.

Katika kituo cha afya nyanya alivalishwa mpira wa hewa puani na mdomoni. Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Abdulmalik, kijana aliyefanya kazi haraka bila kupiga kelele. Alisikiliza kifua, akapima presha, akabonyeza miguu. Sista Nuriya aliingia akihema.

"Ana maji mapafuni," daktari alisema. "Presha imepita kiasi. Sista, huyu yuko katika utafiti wenu, sivyo? Figo zake zikoje?"

"Figo ni nzima," Nuriya alijibu. "Nilimpima mimi mwenyewe. Mkojo ulikuwa safi kabisa."

"Hiyo inasaidia. Basi tatizo ni moyo wenyewe. Nitamwanzishia dawa ya nguvu. Ni nzuri sana kwa mwenye figo nzima. Majibu ya damu yatachukua muda, na sitaki kungoja."

"Na mwenye figo mbovu?" Maurine aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

Daktari alimgeukia. "Mwenye figo mbovu namtibu kwa njia nyingine, binti. Dawa hii inaweza kumdhuru. Kwa nini?"

Maurine alimtazama nyanya. Juu ya mpira wa hewa, macho ya nyanya yalikuwa wazi, yakimtazama yeye. Kichwa chake kikatikisika taratibu: hapana. Mlangoni alisimama Caleb, nguo zimelowa mpaka kifuani. Shangazi Lydia alikuwa ameshika leso yenye tope. Wote walikuwepo, wale ambao nyanya hakutaka wasikie. Muuguzi alikuwa anakuja na dawa kwenye sinia.

"Haukuwa mkojo wake," Maurine alisema.

"Unasema nini?" Lydia aliuliza.

"Ule wa kidumu. Ulikuwa wangu. Nilikijaza mimi. Nyanya alikuwa anakwenda shamba na... na aliona haya kukibeba mtumbwini mbele ya Mjomba Caleb." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na vidonge vya presha ameacha. Na anakunywa vya maumivu, kila siku, asubuhi na jioni. Daktari, tafadhali usimpe hiyo dawa."

Caleb aliinamisha kichwa. Nyanya Dorothy alifumba macho, na Maurine akaona chozi likimtoka na kupotea kwenye mpira. Hakujua kama ni la hasira au la maumivu. Alijua tu kwamba amelisababisha yeye.

Daktari Abdulmalik hakugomba. "Rudisha hiyo," alimwambia muuguzi. "Tumpime mkojo sasa hivi."

Mara hii kijikaratasi hakikuchukua muda. Kile kipande cha kupimia protini, kilichokuwa cha manjano, kiligeuka kijani kibichi, kijani kizito. Sista Nuriya alikitazama, akaketi kwenye kiti cha karibu.

Nyanya alipewa dawa nyingine, na jioni hiyohiyo gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Malindi. Wazazi wa Maurine walikuwa wanamngoja getini. Siku za kwanza hakuna aliyejua kama angetoka. Pumzi iliporudi na uvimbe ukaanza kupungua, madaktari walieleza kwamba figo zake zimeumia, tena kwa kiasi kikubwa. Hazitarudi kuwa kama zamani. Lakini bado zinafanya kazi, na kwa dawa na chakula cha chumvi kidogo zinaweza kumfikisha mbali.

Nyanya Dorothy aliyasikiliza hayo yote akimtazama daktari. Maurine, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, hakutazamwa. Hakusemeshwa. Alimletea nyanya uji, nyanya akangoja mpaka mama yake Maurine aushike ndipo akaupokea. Alipokunja mashuka, nyanya aligeukia ukutani. Hakuna kiboko ambacho kingemuuma Maurine namna hiyo.

Kisha Caleb akaja kutoka Idsowe. Alisimama mlangoni pa wodi kofia mkononi, akageuza uso upande kama desturi ilivyomtaka.

"Maurine," alisema, "mwambie mama kwamba mtumbwi wangu umebeba samaki waliooza. Umebeba mbuzi wa watu, na mbuzi hawaulizi ruhusa. Umembeba mama mwenye uchungu wa uzazi akajifungua kabla hatujafika upande wa pili, nami nikageuza uso na kuendelea kupiga kafi. Kidumu kingenishinda nini? Mwambie ningegeuza uso."

Maurine alianza kurudia, "Nyanya, Mjomba anasema..." lakini hapakuwa na haja ya kumaliza.

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, wagonjwa na waliokuja kuwaona. Nyanya Dorothy alibaki ametazama ukuta. Kisha akakohoa.

"Maurine."

"Naam, nyanya."

"Mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwambie ahsante kwa kunibeba." Akavuta pumzi. "Na wewe njoo hapa ukae. Umesimama kama nguzo ya stima tangu juzi."

Maurine akaja akakaa. Nyanya alimshika mkono bila kumtazama, akaushikilia mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Nyanya aliporudi Idsowe, Sista Nuriya aliwatembelea. Hakuwa na kidumu. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, kisha akaweka kikombe chini.

"Nimekuja na maneno mawili," alisema. "La kwanza ni langu. Siku ile nilisema kidumu kiende shamba, sikuuliza mtu anafikaje shambani, wala anavushwa na nani. Mimi ni mtoto wa mto huu, ningepaswa kuuliza. Mama, ungeniambia unaona haya, ningekutafutia siku ambayo mpunga haukuhitaji. Ningemleta mtu akuamie ndege."

"Niliona haya hata kusema kwamba naona haya," nyanya alikiri.

"La pili ni la Maurine." Alimgeukia. "Ulichofanya Jumamosi ile kilikuwa kosa, ingawa uliagizwa na mtu unayempenda. Utafiti wetu ungesema mama mwenye presha kali, anayekula samaki wa chumvi, ana figo kama za msichana. Kesho daktari mwingine angeusoma, akamwambia mama mwingine asiwe na wasiwasi. Huyo mama hatungemjua hata jina. Uongo wa kidumu kimoja ungemfikia. Nimeuondoa."

Maurine aliinamisha kichwa. "Nisamehe, sista."

"Nimeshasamehe. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hili ndilo nataka ulikumbuke ukiwa mkubwa. Kumtii mkubwa ni jambo jema, na kutunza siri ya mtu ni jambo jema. Lakini siri inayoficha ugonjwa haimtunzi mwenye siri, inautunza ugonjwa. Ukiona mtu wako anaumia na wewe unajua kwa nini, sema. Sema hata kama atakasirika. Ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema, na mbele ya watu wote ambao ilikuwa vigumu kusema mbele yao. Ndiyo maana nyanya yako anakunywa chai hapa."

"Chai tu, maana chakula hakina chumvi," nyanya alinung'unika. "Samaki hana ladha, mboga hazina ladha. Mwaniua polepole." Lakini alikuwa ameshaweka vidonge vyake vya presha karibu na kikombe, na alimeza mbele yao. Kisha akasema, "Sista, bado mwataka watu wa kidumu?"

Nuriya alishangaa. "Mama, hulazimiki. Umepitia mengi."

"Sikuuliza kama nalazimika. Wale wa kwaya wameniuliza ni kwa nini figo za msichana zilinilaza Malindi, na nimechoka kuwadanganya. Kilete."

Basi ikawa asubuhi nyingine, Maurine amepiga magoti sakafuni. Mguu wa nyanya uliingia katika kiatu cha samawati. Ulibana bado, na mkanda ulifika tundu la mwisho tu, lakini ulifika. Kidumu cheupe kilikuwa kando yao. Maurine alinyoosha mkono akichukue.

"Nikubebee mpaka mtoni, nyanya?"

Nyanya Dorothy alimpiga kidogo mkononi. "Weka chini. Ukitaka kunisaidia, kaza huo mkanda. Mkojo nitatoa mwenyewe."

Walishuka mtoni polepole, wakisimama kila nyanya alipotaka pumzi, na safari hii hakujifanya anaangalia mpunga wa watu. Caleb alikuwa ameushika mtumbwi. Kina mama wawili wa kwaya walikuwa wameshakaa, na macho yao yakaenda moja kwa moja kwenye kidumu. Nyanya akaingia, akakaa mahali pake mbele, akakipakata mapajani mfuniko mwekundu ukionekana.

"Maurine," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "mwambie mkwe wangu leo apige kafi taratibu. Nina mzigo wa daktari."

"Mjomba, nyanya anasema..."

"Mwambie mama nimesikia," Caleb alisema. Akageuza uso upande wa maji, akausukuma mtumbwi.